Livingstone, ngamia wa Mikindani na amana ya mwenye kufuga

Ndugu msomaji, ukitoka Mtwara mjini kuelekea njia ya Lindi, mwendo wa kilomita zipatazo 10 hivi, unafika Mikindani, mji mkongwe wa pwani. Katika mitaa yake iko nyumba yenye kibao kinachomtaja David Livingstone, Mskochi aliyefika hapo mwaka 1866. Watalii hupiga picha mbele ya kibao hicho na kuondoka. Wanafunzi wetu nao husoma habari za mtu huyu, wakakariri majina ya maziwa na mito, wakafanya mtihani, wakasahau.

Historia ya Livingstone imeandikwa sana, na wengi walioiandika walikuwa na ajenda zao. Wapo waliomfanya kuwa kama malaika, na wapo waliomwona kuwa ni mtangulizi tu wa wakoloni. Leo hatukusudii kuufufua mjadala huo. Tunataka kumtazama kwa upande ambao vitabu vya shule haviugusi, nao ni upande wa wanyama aliowachukua na namna walivyoishia. Kwa hakika upande huu una somo zito kwa sisi watu wa mijini, ambao siku hizi tunafuga paka, mbwa, kasuku na sungura majumbani mwetu kwa kupenda, na mara nyingine kwa kuiga.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu masikini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, na usiku akawa anasoma. Baadaye alisomea utabibu mjini Glasgow, akajiunga na wamisionari wa London, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Mwaka 1844, mahali paitwapo Mabotsa, alikwenda na wanakijiji kumsaka simba aliyekuwa akishambulia mifugo. Simba yule alijeruhiwa kwa risasi lakini hakufa, akamrukia Livingstone na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mwafrika aitwaye Mebalwe ndiye aliyejitokeza na kumvuta simba upande wake, naye akaumizwa. Mkono ule haukupona sawasawa mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka uliofuata alimuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenziwe.

Kati ya mwaka 1854 na 1856 alilivuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, yaani kutoka Luanda mpaka Quelimane, na katika safari hiyo ndipo alipoyaona maporomoko makubwa ya Mto Zambezi. Aliporudi Uingereza alipokelewa kama shujaa. Mwaka 1858 serikali ya nchi yake ikampa msafara mkubwa wa kuuchunguza Mto Zambezi. Msafara ule ulikuwa wa taabu tupu. Mkewe Mary alifariki kwa homa mwaka 1862 huko Shupanga, wenzake waligombana, na mwaka 1864 ukavunjwa.

Ni katika kipindi hicho ndipo alipoufahamu Mto Ruvuma. Mwaka 1861 aliingia kwenye mdomo wa mto huo kwa meli, akapanda maili zipatazo 30, kisha maji yakapungua akalazimika kurudi. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua, akaenda mbali zaidi mpaka mawe yakamzuia. Wenyeji wa Msimbati na vijiji vya jirani wanajua mto huo ulivyo. Wakati wa masika unafurika, na kiangazi mchanga unajitokeza katikati. Si mto wa kupitisha meli.

Aliporudi mara ya tatu, mwaka 1866, alikuja na mpango mwingine. Alitaka kupita nchi kavu, na mizigo yake ibebwe na wanyama. Basi tarehe 19 Machi mwaka huo aliondoka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza, na wanyama wakapakiwa kwenye jahazi. Walikuwa ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa wa Kihindi pamoja na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alikuwa pia na mbwa mdogo wa manyoya ya kusokotana, ambaye aliitwa Chitane. Watu wake walikuwa askari 13 wa Kihindi kutoka Bombay, watu 10 wa Nzwani katika visiwa vya Ngazija, vijana 9 waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, na wengine wachache, miongoni mwao Susi na Chuma.

Walipofika mdomo wa Ruvuma hawakupata pa kuwashusha ngamia. Pwani yote ilikuwa mikoko na matope. Ndipo wakageuza kaskazini, na tarehe 24 Machi wakashuka Mikindani.

Kwa nini alileta ngamia na nyati katika nchi ambayo haikuwa na wanyama hao? Sababu ya kwanza ni mizigo. Ya pili ilikuwa ni majaribio. Livingstone alijua kuwa mbung'o anaua ng'ombe na farasi, akawa anataka kujua kama ngamia na nyati wa Kihindi wataweza kustahimili. Kama wangestahimili, njia ya biashara ingefunguka bila ya kutegemea migongo ya wapagazi na watumwa. Nia hiyo, ukiitazama kwa juu, ni nzuri. Lakini mnyama hakuulizwa, na mnyama ndiye aliyelipa gharama yake.

Mikosi ilianza mapema. Pale pale Mikindani nyati mmoja alimpiga punda pembe, akaumia vibaya mpaka ikabidi apigwe risasi. Baada ya hapo ndipo ncha za pembe za nyati yule zikakatwa. Ni kama yale tuyasemayo Waswahili, kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Mwanzoni mwa Aprili msafara ukaondoka kuelekea Ruvuma. Njia za wakati ule zilikuwa vichochoro vya mtu mmoja katikati ya msitu, na ngamia aliyebeba mzigo hawezi kupita humo. Ikabidi waajiriwe Wamakonde wenye mundu na mashoka watangulie kufyeka. Mbung'o nao walikuwapo, wakawauma wanyama tangu siku za mwanzo.

Hata hivyo si mbung'o peke yao waliowamaliza wanyama wale. Livingstone alikuwa amewakabidhi kwa askari, naye akawa anatangulia mbele na wapasua njia. Huko nyuma askari waliwabebesha mizigo kupita kiasi, wakawapiga kwa fimbo na marungu mpaka wakawa na majeraha. Yeye mwenyewe aliyaona majeraha hayo, akakemea, akatangulia tena, na mambo yakarudi kuwa yale yale. Nchi yenyewe ilikuwa na njaa kwa sababu ya mashambulizi ya Wangoni, kwa hiyo hata watu hawakuwa na chakula cha kutosha, seuze wanyama. Ngamia mmoja akafa, kisha wa pili, kisha nyati na baghala.

Mwisho wa yote, majaribio yenyewe hayakutoa jibu. Livingstone alikiri katika kumbukumbu zake kwamba hakuweza kusema kwa uhakika ni wanyama wangapi waliokufa kwa mbung'o na wangapi kwa mateso. Jambo hilo lilikuja kuthibitishwa baadaye na David Bruce, aliyefanya utafiti huko Zululand mwaka 1895, akaonesha kuwa mbung'o hubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa nagana. Wanyama wa Mikindani waliteseka, wakafa, na hata faida ya elimu haikupatikana.

Kuna kisa kimoja cha kuchekesha na kuhuzunisha. Ndama wa nyati alikuwa amebaki nyuma na askari. Wakamchinja wakamla. Walipoulizwa wakasema ameliwa na chui milia. Livingstone akawauliza kama waliiona ile milia yake. Wote wakaapa kuwa waliiona. Masikini hawakujua kwamba Afrika nzima haina chui milia, mnyama huyo yuko kwao Bara Hindi. Mwezi Julai mwaka huo aliwaachisha kazi na kuwarudisha pwani. Kufikia hapo msafara ulikuwa umebaki karibu bila ya mnyama wa mizigo.

Swali la kujiuliza hapa ni hili: nani mwenye dhambi ya ngamia wale? Askari walipiga, hilo halina ubishi. Lakini mwenye mali alikuwa mmoja, naye aliona majeraha kwa macho yake. Kukemea jioni na kuwarudisha wanyama asubuhi katika mikono ile ile si utunzaji. Aliyechukua jukumu anaweza kumwajiri mtu wa kumsaidia kazi, lakini hawezi kumwajiri mtu wa kumbebea dhima.

Sasa tumtazame Chitane, yule mbwa mdogo. Huyu hakuwa wa majaribio, alikuwa kipenzi cha bwana wake. Livingstone ameeleza jinsi mbwa huyo alivyojipa kazi ya kuusimamia msafara. Alikuwa akikimbia mbele kumtazama wa kwanza, kisha anarudi nyuma kumbwekea wa mwisho ili akaze mwendo. Wakifika kijijini akishajua kibanda cha bwana wake, hakuna mbwa wa kijiji aliyeweza kukisogelea. Wala hakuwa mdokozi.

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa liitwalo Chimbwe. Upana wake ulikuwa kiasi cha maili moja, na maji yalifika kiunoni. Livingstone akatangulia kuvuka. Hakutoa amri ya nani ambebe mbwa. Kila mmoja akashughulika na mzigo wake na kujinusuru, akidhani labda mwenzake anamwangalia. Chitane akaogelea kumfuata bwana wake mpaka nguvu zikamwisha, akazama. Walipofika ng'ambo ndipo ikajulikana kuwa hayupo. Livingstone alisikitika sana, na katika kumbukumbu zake akajilaumu kwa kutotoa amri ile. Siku chache baadaye sanduku lake la dawa liliibwa na watoro, na tangu hapo afya yake ikaanza kuporomoka.

Angalia tofauti ya visa hivi viwili. Ngamia walikufa kwa ukatili, Chitane alikufa kwa kusahauliwa. Ngamia hawakupendwa, Chitane alipendwa mno. Lakini wote walikufa. Hii ina maana kwamba mapenzi peke yake hayamtoshi mnyama. Mnyama anahitaji mtu mmoja anayejulikana kuwa ni wake, ambaye kila siku, jua likiwaka au mvua ikinyesha, anajiuliza yuko wapi, amekula nini, na atavuka vipi.

Yaliyobaki katika maisha ya Livingstone yanajulikana. Mwaka 1867 alifika Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru, na mwaka 1868 Ziwa Bangweulu. Njiani alisaidiwa mno na wafanyabiashara Waislamu wa pwani, akiwemo Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyempa chakula na bidhaa. Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na maradhi ya mapafu, akawa hawezi kutembea. Ni Mohamed Bogharib aliyemtibu na kuamuru abebwe kwenye kitanda mpaka ziwani. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Ujiji. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, safari iliyowachukua miezi ipatayo tisa. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Ajabu ya mambo ni kwamba mtu aliyeshindwa kuwavusha wanyama wake, yeye mwenyewe alivushwa na wengine alipokuwa hana faida kwao tena. Bogharib hakuwa na deni kwake. Susi na Chuma wangeweza kumzika na kwenda zao. Walimbeba kwa sababu waliona kuwa ni amana yao.

Tuje sasa mijini kwetu, maana huko ndiko mjadala uliko. Mtwara ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Anahamishiwa mtu hapa kikazi, anapanga nyumba Shangani au Ligula, watoto wanataka paka, analetwa paka mdogo. Miaka inapita. Paka anakua, anazeeka, meno yanatoka, analala mchana kutwa, panya hakamati tena. Barua ya uhamisho inakuja. Vitu vinapakiwa kwenye lori mpaka jiko la mkaa, lakini paka anaachwa uani na mlango unafungwa. Wengine humtia kwenye kiroba wakamtupa sokoni, wakijidanganya kuwa huko kuna vichwa vya samaki. Paka aliyezoea kulishwa kwa miaka 10 hawezi kushindana na paka shume wa sokoni. Hilo ni sawa na kumvusha Chimbwe kwa kuogelea.

Katika nchi za wenzetu kuna nyumba maalumu za kuwahifadhi wanyama waliotelekezwa, na mtu akitaka paka huenda huko kuchagua. Hata huko, wadogo huchukuliwa haraka na wazee hubaki. Kwetu sisi nyumba za namna hiyo ni chache mno, na katika miji mingi hazipo kabisa. Kwa hiyo nyumba ya hifadhi ni yangu na yako. Jirani akihama, au mzee mwenye paka akifariki, basi paka yule mzee ndiye anayestahiki kuchukuliwa kabla hatujakimbilia kutafuta mdogo. Naye ana faida zake. Ameshazoea nyumba, hapandi mapazia, tabia yake inajulikana, na haja yake kubwa ni utulivu.

Lakini kabla ya kumchukua, mtu ajiulize kama ataweza. Paka anaweza kuishi miaka 15 na zaidi, kwa hiyo hata mwenye miaka 10 bado ana safari. Paka ni mla nyama kwa maumbile, ugali mtupu na mchuzi haumfai, anahitaji samaki, dagaa au nyama, na akiwa hana meno alainishiwe. Maji safi yawepo muda wote, kwani paka wazee husumbuliwa sana na figo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Akiugua apelekwe kwa daktari wa mifugo, asipewe dawa za binadamu. Paracetamol tunayoimeza sisi kwa maumivu ya kichwa ni sumu inayomuua paka. Tena achanjwe kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo paka pia huupata na kuuambukiza, na mtu akishaonesha dalili zake ni nadra mno kupona. Suala la kumfunga uzazi asijaze mtaa watoto wasio na mlishaji, mtu awaulize wenye elimu ya dini na daktari, aamue mapema.

Na kama huwezi hayo, usifuge. Hakuna aliyelazimishwa kufuga. Ukishafuga, sheria ya nchi inakuhusu, maana tangu mwaka 2008 Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayompa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na inayokataza ukatili.

Kwa Muislamu jambo hili halikuanza mwaka 2008. Sote tunakijua kisa alichotueleza Mtume (s.a.w.) cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Tunakijua pia kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kile cha ngamia wa Madina aliyemshitakia Mtume njaa na kazi nyingi, akaitwa mwenye ngamia na kukumbushwa kumcha Allah. Tazama kwamba aliyeitwa ni mwenye mali. Na mwanamke yule hatukuambiwa kuwa alimpiga paka. Kosa lake lilikuwa kufunga mlango na kutojali, kosa ambalo katika mitaa yetu hufanywa na watu wazima wenye kuswali, kisha wakaenda zao bila hata kugeuka nyuma.

Wengine watasema, watu wenyewe wana njaa, vipi tuzungumzie paka? Jibu ni kwamba hatujamwambia mwenye njaa afuge. Tunasema na yule mwenye uwezo aliyechukua kwa hiari yake, akafurahia miaka ya ujana wa mnyama, kisha akamtupa katika miaka ya uzee. Mtu aliyezoea kufanya hivyo kwa paka, watoto wake wanamtazama. Kesho yeye ndiye atakayekuwa mzee asiye na meno, na wao ndio watakaokuwa wakipakia lori.

Basi anayehama mwezi huu na ampange paka wake kabla ya kupanga vyombo. Kama ataondoka naye, atafute kikapu. Kama hawezi, amtafutie mtu anayemjua kwa jina, aliyekubali kwa kauli yake, na amwachie posho ya chakula. Asiseme watu wa mtaani watamwangalia. Watu wa msafara wa Livingstone nao walidhani hivyo hivyo pale Chimbwe.

Wallahu a'lam.